Upasuaji wa kongosho ukikamilika, tiba bado iko nusu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Saratani ya kongosho inapoandikwa magazetini, habari karibu kila mara huishia chumba cha upasuaji: uvimbe umetolewa, mgonjwa ameamka salama, madaktari wamepongezwa. Pongezi hizo ni haki yao. Kukata kichwa cha kongosho pamoja na duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo na mwisho wa mrija wa nyongo, kisha kuunganisha upya njia za chakula, nyongo na maji ya kongosho, si kazi ndogo. Lakini sisi tunaotoa dawa za saratani humpokea mgonjwa huyo wiki kadhaa baadaye, na wengine hawatufikii kabisa. Takwimu za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya theluthi na nusu ya wanaofanyiwa upasuaji huu hawapati tibakemikali inayopaswa kufuata. Wapo ambao kweli hawaiwezi. Wengi wengine wanaikosa kwa mambo ya kawaida kabisa: uzito uliopungua bila mtu kuuliza, vimeng'enya vya kusaga chakula visivyoandikwa, barua ya rufaa iliyokaa mezani.

Ndugu wa mgonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza: uvimbe umeshatoka, dawa za nini tena? Saratani hii hutawanya chembe zake mapema, kwenye ini, mapafu na utando wa tumbo, zikiwa ndogo kiasi kwamba hazionekani kwenye picha ya CT wala kwa jicho la mpasuaji. Utafiti wa CONKO-001, uliofanyika Ujerumani na Austria, uliwagawa waliokwisha kufanyiwa upasuaji mafungu mawili: wengine wakapewa jemsitabini, dawa ya dripu, kwa miezi sita, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 20.7 ya waliopewa dawa na asilimia 10.4 ya wasiopewa. Mwaka 2017 ESPAC-4 ikaonyesha kwamba kuongeza vidonge vya kapesitabini juu ya jemsitabini kunasaidia zaidi. Mwaka 2018 ukaja PRODIGE 24 wa Ufaransa na Kanada, uliopima mchanganyiko wa dawa uitwao FOLFIRINOX uliopunguzwa makali: nusu ya walioupata waliishi zaidi ya miezi 54, wakati kwa jemsitabini peke yake ilikuwa miezi 35. Huko Japani kuna dawa ya kumeza, S-1, iliyofanya vizuri sana katika utafiti wa JASPAC 01, ila watu wa asili ya Ulaya huharishwa nayo zaidi hata kwa dozi ndogo, kwa hiyo matokeo yale hayahamishwi kirahisi.

Hiyo miezi 54 inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Walioingia katika PRODIGE 24 walikuwa tayari wamepita chujio. Hakuna aliyezidi miaka 79, wote waliweza kujihudumia na kutembea bila shida, CT ya baada ya upasuaji haikuonyesha kitu, na kipimo cha damu cha CA 19-9, alama ya saratani hii, hakikuzidi uniti 180 kwa mililita. Tena muda ulihesabiwa tangu siku waliyopangiwa dawa, si tangu siku ugonjwa ulipogunduliwa. Aliyefariki kwa matatizo ya upasuaji, aliyedhoofu kitandani na ambaye ugonjwa ulirudi wiki ya nane hawamo katika hesabu hiyo. Mgonjwa anayeahidiwa namba hizi wakati bado ana mrija tumboni anaahidiwa kitu ambacho hakijapimwa kwa watu wa hali yake.

Sasa suala la muda, maana ndilo linalozua hofu kuliko yote. Familia husikia kwamba dawa zianze haraka, na baadhi ya wahudumu nao huharakisha. Uchambuzi wa wagonjwa wa ESPAC-3, utafiti mwingine wa dawa baada ya upasuaji, uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kilichohusiana na kuishi muda mrefu ni kumaliza mizunguko yote sita ya dawa. Kuanza mapema au kuchelewa kidogo, ndani ya wiki 12, hakukuleta tofauti kubwa. Maana yake ni kwamba anayelazimishwa kuanza wiki ya nne, kidonda kikiwa wazi na chakula hakipiti, akaangushwa na dozi ya pili, amepata hasara kuliko aliyesubiri wiki ya tisa akamaliza. Lakini wiki 12 si likizo. Ni muda wa kazi, na kazi hiyo inapaswa kuanza mgonjwa angali wodini.

Jambo la kwanza ni rufaa. Isisubiri ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa uvimbe uliotolewa), isisubiri kliniki ya wiki ya sita. Iandikwe siku mgonjwa anapotoka wodini, na ripoti iifuate. Tunapompokea wiki ya kumi tukaanza hapo kuomba CT, vipimo vya damu na mshipa wa kudumu (kifaa cha kupitishia dawa kinachowekwa mwilini), wiki 12 zimekwisha kabla ya dripu ya kwanza.

Jambo la pili ni kujua tunachotibu. Kichwa cha kongosho kinapakana na mrija wa nyongo na tundu lake la kutokea, na saratani za sehemu hizo tatu hutolewa kwa upasuaji uleule. Dawa zake hazifanani. Saratani ya mrija wa nyongo kwa kawaida hupewa kapesitabini peke yake. Uvimbe wa chembe za homoni za kongosho una njia yake kabisa, na FOLFIRINOX baada ya upasuaji wake si tiba. Kwa hiyo ripoti iseme saratani imeanzia wapi, ni ya aina gani, tezi za limfu ngapi zimechunguzwa (12 au zaidi ndiyo inayoaminika) na ngapi zina saratani, na kingo za mkato ziko umbali gani. Kuna makosa mawili tunayoyakuta mara kwa mara. Moja ni kumwambia mgonjwa kwamba tezi zake ni safi, hivyo hahitaji dawa. Anahitaji, hata asiye na tezi iliyoathirika, ugonjwa humrudia mara nyingi mno kumwacha bila tiba. La pili ni kinyume chake: kingo zina chembe za saratani chini ya milimita moja, basi inadhaniwa hakuna faida tena. Huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

CT ya kifua na tumbo irudiwe kabla ya kuanza, hasa ikiwa ya awali ilipigwa kabla ya upasuaji. Wapo ambao ugonjwa umesharudi kwenye ini bila dalili, na tiba yao ni mazungumzo mengine. CA 19-9 ipimwe pia, ila baada ya umanjano kuisha, kwa sababu nyongo ikiziba namba hupanda bila saratani kuhusika. Na kuna watu, kati ya 5 na 10 katika kila 100, ambao miili yao haitengenezi kabisa CA 19-9 kutokana na kundi lao la damu la Lewis. Kwao kipimo kilicho chini hakina habari yoyote, nzuri wala mbaya.

Tunakaa zaidi kwenye vimeng'enya, kwa kuwa hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokwama huku dawa ikiwepo. Kongosho lililobaki, hata kama limebaki kubwa, mara nyingi halitoi vimeng'enya vya kutosha kusaga mafuta, au linavitoa vikichelewa kukutana na chakula kwa kuwa njia zimebadilishwa. Mgonjwa anakula, uzito unashuka. Choo kinakuwa kingi, kimepauka, kinang'aa mafuta, kinanuka sana, kinaelea na hakiondoki kwa maji ya mara moja. Dawa yake ni kapsuli za pankreatini, na kipimo kinachofaa kuanzia ni uniti 50,000 hadi 75,000 za lipasi, kimeng'enya cha mafuta, kwa mlo kamili na 25,000 kwa kitafunwa au kinywaji chenye maziwa. Yaani kapsuli mbili au tatu za 25,000 kwa mlo, moja kwa kitafunwa.

Ukiona hazifanyi kazi, kabla ya kuongeza dozi uliza zinamezwaje. Wengi hupewa maelekezo ya "mara tatu kwa siku" kama antibiotiki, wakazimeza nusu saa kabla ya kula au baada ya kumaliza kula na kunawa mikono. Kapsuli lazima iwe tumboni pamoja na chakula: moja na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Mlo usiokuwepo hauhitaji kapsuli. Mlo wa nne unaihitaji hata kama karatasi imeandikwa tatu. Chembechembe za ndani zisitafunwe wala kusagwa, maana ganda lake ndilo linalozilinda na asidi. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua akanyunyizia kwenye chakula laini chenye uchachu kidogo, akameza mara moja. Zisiachwe juani wala ndani ya gari, kwani joto linaziua. Haya yote yakifuatwa na choo bado ni cha mafuta, dozi iongezwe, au iongezwe dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Na mgonjwa asikatazwe mafuta. Ushauri huo wa zamani umewakondesha watu bila sababu. Anachohitaji ni mafuta pamoja na vimeng'enya.

Kwa nini wahudumu wa tibakemikali waongelee choo kiasi hiki? Kwa sababu irinotekani, mojawapo ya dawa za FOLFIRINOX, na kapesitabini nazo huharisha. Mgonjwa akisema anaharisha, mkono wa haraka hupunguza dozi ya tibakemikali kwa robo, au huisimamisha, kumbe tatizo ni vimeng'enya vilivyokuwa vikikosekana tangu wiki ya pili baada ya upasuaji. Tofauti ipo kwa anayeuliza. Kuhara kwa mafuta kumekuwepo tangu kabla ya dripu ya kwanza, kunafuata milo, na choo ni kizito na kinanuka. Kuhara kwa irinotekani ni majimaji, na kunakuja kwa namna mbili. Kwa kwanza huanza wakati wa dripu au saa chache baadaye, kukiambatana na jasho, mate mengi na tumbo kusokota. Hutulizwa kwa sindano ya atropini, miligramu 0.25 chini ya ngozi. Kwa pili huja baada ya saa 24, mara nyingi siku kadhaa baadaye. Hapo mgonjwa awe tayari na loperamidi nyumbani: miligramu 4 mara choo cha kwanza cha maji kinapotoka, kisha miligramu 2 kila saa mbili mpaka apitishe saa 12 bila kuharisha, na isizidi saa 48. Akiwa na homa, au akishindwa kunywa, loperamidi iachwe, aende hospitali.

Sukari nayo. Aliyetolewa sehemu ya kongosho amepunguziwa insulini, na pia glukagoni, homoni inayopandisha sukari inaposhuka. Ndiyo maana sukari yake hurukaruka. Siku ya tibakemikali anapewa deksamethasoni kuzuia kutapika, sukari inapaa. Siku ya tatu hana hamu ya kula, sukari inaporomoka. Aliye na kisukari awe na mpango wa siku hizo ulioandikwa. Aliyeondolewa kongosho lote asiache insulini hata kama hali, bali dozi ipunguzwe kwa kupima. Na vimeng'enya vikianza kufanya kazi chakula kinafyonzwa vizuri zaidi, hivyo sukari inaweza kupanda, jambo linalowashangaza wengi.

Aliyetolewa sehemu ya mkia wa kongosho mara nyingi huondolewa na bandama. Chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib zitolewe wiki mbili kabla ya upasuaji, au wiki mbili baada yake kabla ya tibakemikali kuanza, kwa sababu dawa zikishaanza mwili haujengi kinga vizuri. Hili husahaulika sana, kwa kuwa kila idara hudhani ni kazi ya nyingine.

Kuchagua dawa. Mwenye nguvu, asiye na ugonjwa wa moyo, asiye na ganzi miguuni, bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) ikiwa ya kawaida, apewe FOLFIRINOX iliyopunguzwa. Asiyefikia hapo apewe jemsitabini na kapesitabini. Dhaifu zaidi, jemsitabini peke yake. Sisi tunaona ni bora miezi sita ya jemsitabini na kapesitabini iliyokamilika kuliko dozi tatu za FOLFIRINOX na wiki mbili za kulazwa. Hata ndani ya PRODIGE 24, kwa wagonjwa waliochujwa vile, asilimia 66.4 tu ndio waliomaliza mizunguko yote ya FOLFIRINOX, na asilimia 75.9 walipata madhara makali. Lakini hoja hii isigeuzwe kisingizio. Mtu wa miaka 74 anayelima, anayepanda ngazi na aliyerudisha uzito wake asinyimwe dawa bora kwa sababu ya mwaka aliozaliwa. Umri kwenye faili ni kipimo hafifu sana. Mwulize ngazi, mwulize uzito, mwulize saa anazokaa kitandani mchana. Mionzi haimo katika orodha hii ya kawaida. Utafiti wa ESPAC-1 ulishaonyesha mwaka 2004 kwamba kuichanganya na dawa baada ya upasuaji hakukuleta faida, na huenda kulidhuru. Na aliyekwisha kupata dawa kabla ya upasuaji, hesabu iendelee: lengo ni takriban miezi sita kwa jumla, si kuanza upya.

Kabla ya fluorourasili, iliyomo katika FOLFIRINOX, au kapesitabini, kuna kipimo ambacho hakipaswi kurukwa pale kinapopatikana. Mwili huvunja dawa hizi kwa kimeng'enya kiitwacho DPD. Mwenye upungufu wa DPD akipewa dozi kamili hupata vidonda vya mdomo, kuhara na kuishiwa chembe nyeupe ndani ya siku chache, na asiye nacho kabisa anaweza kufa kwa dozi ya kwanza. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza kipimo hiki mwaka 2020. Kwa wasomaji wenye asili ya Afrika kuna la ziada: mabadiliko manne ya jeni yanayotafutwa na vipimo vingi yalichaguliwa kutokana na watu wa Ulaya. Badiliko liitwalo Y186C, ambalo hupatikana hasa kwa watu wa asili ya Afrika, mara nyingi halimo katika orodha hiyo. Jibu la "hakuna tatizo" kwa kipimo cha aina hiyo lisichukuliwe kuwa dhamana. Kupima kiwango cha urasili kwenye damu, kemikali ambayo DPD huivunja, husaidia kuziba pengo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme, kwani kapesitabini huipandisha mpaka mtu akatokwa damu. Na vidonge vya asidi foliki viachwe, kwa sababu huongeza makali ya dawa hizi.

Sasa hesabu ya dozi, ambamo kosa dogo hujirudia mara 12. Dozi hupigwa kwa eneo la mwili, linalotokana na urefu na uzito. Mtu wa sentimita 170 aliyekuwa na kilo 70 kabla ya upasuaji ana eneo la mita za mraba 1.82. Akishuka mpaka kilo 58 ni 1.65. Fluorourasili ya miligramu 2,400 kwa kila mita ya mraba inakuwa 4,368 katika hesabu ya kwanza na 3,960 katika ya pili. Uzito wa zamani ukiachwa kwenye faili, mgonjwa anazidishiwa karibu asilimia 10 ya kila dawa, tena ni yule aliyekonda. Apimwe kila anapokuja, kwa mizani ileile.

Siku yenyewe ya FOLFIRINOX iliyopunguzwa huenda hivi, kila wiki mbili, mara 12. Oksaliplatini miligramu 85 kwa mita ya mraba kwa saa mbili. Kisha asidi foliniki 400 kwa saa mbili. Nusu saa baada ya kuanza asidi hiyo, irinotekani 150 inaingia sambamba nayo kwa dakika 90. Halafu fluorourasili 2,400 kwa saa 46 kupitia pampu, bila ile sindano ya haraka ya dawa hiyohiyo iliyokuwapo katika mpango wa zamani. Irinotekani nayo ilianza kwa 180 katika utafiti ikashushwa kwa sababu ya kuhara. Anayenakili dozi kutoka karatasi ya ugonjwa uliosambaa atakuwa ameirudisha juu bila kujua. Oksaliplatini ichanganywe na glukosi ya asilimia 5 tu, kamwe si maji ya chumvi, kwa sababu kloridi huivunja. Mrija uliotumika kwa chumvi usafishwe kwa glukosi kwanza. Jemsitabini ni 1,000 kwa mita ya mraba, dakika 30, wiki tatu mfululizo na wiki ya nne mapumziko, mizunguko sita. Kuipitisha polepole zaidi "ili asichoke" ni kosa, kwani ikizidi saa moja madhara yanaongezeka. Kapesitabini inayoambatana nayo ni 830 kwa mita ya mraba asubuhi na jioni kwa siku 21, ndani ya dakika 30 baada ya kula. Kwa mtu mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.7 hiyo ni karibu 1,400 kila mara. Kwa vidonge vya 500 na 150, viwili vya kwanza na vitatu vya pili vinatoa 1,450.

Pampu ya puto, inayopitisha fluorourasili, hutegemea joto la ngozi. Ikifunikwa kwa blanketi nzito au kuwekwa juani inatoa dawa haraka, ikipata baridi inachelewa. Puto likiisha saa nyingi kabla ya muda, mgonjwa apige simu siku hiyohiyo, asisubiri miadi. Maumivu ya kifua pampu ikiwa inaendelea ni sababu ya kuifunga papo hapo na kwenda hospitali, maana fluorourasili hukaza mishipa ya moyo, na aliyepatwa na hili asirudishiwe dawa hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa siku tano hivi baada ya oksaliplatini aepuke vinywaji baridi na asishike vitu vya barafu. Koo linaweza kukaza ghafla, mtu akahisi hapumui. Inatisha, lakini hupita kwa joto na utulivu.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Kwa wagonjwa hawa ina sababu mbili zinazofanana sura. Moja ni chembe nyeupe kuisha. Nyingine ni maambukizi ya njia ya nyongo, kwa kuwa mrija wa nyongo sasa umeunganishwa moja kwa moja na utumbo na bakteria hupanda. Kutetemeka kwa baridi, macho kuwa manjano na vipimo vya ini kupanda huashiria ya pili, lakini antibiotiki hazingoji jibu: ndani ya saa moja ya kufika, damu ya kuotesha vijidudu maabara ikichukuliwa kwanza. Jemsitabini nayo huleta homa ya usiku wa dripu, ila hakuna anayeweza kuitofautisha kwa simu. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikiwa chini ya 1.5 siku ya FOLFIRINOX, dripu husogezwa wiki moja. Zikishuka tena, filgrastimu, sindano ya kuchochea chembe nyeupe, baada ya pampu kuondolewa, si kabla ya saa 24, huokoa ratiba. Katika PRODIGE 24 takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wa fungu la FOLFIRINOX walihitaji dawa ya aina hiyo.

Ganzi ya vidole ndiyo inayofuata mgonjwa nyumbani. Ikiwa inakuja na kuondoka kati ya dripu, endelea ukiangalia. Ikishindwa kuondoka, au mtu akishindwa kufunga vifungo vya shati, oksaliplatini iondolewe na zile nyingine ziendelee mpaka mzunguko wa 12. Mwenye kisukari hufika hapo mapema, kwani neva zake zilikuwa tayari na jeraha. Tunawakuta waliosimamishiwa tiba yote kwenye dozi ya saba kwa sababu ya dawa moja kati ya tatu.

Baada ya dozi ya mwisho, CT na CA 19-9 kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo ndio utaratibu wa vituo vingi. Vimeng'enya havikomi, vinaendelea maisha yote, na kipimo cha vitamini A, D, E na K kifanyike angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo cha jeni za kurithi, hasa BRCA1, BRCA2, PALB2 na ATM, kifanyike hata kama hakuna aliyeugua katika ukoo, kwa faida ya mgonjwa endapo ugonjwa utarudi na kwa faida ya watoto na ndugu zake. Mshipa wa kudumu usiotumika usafishwe kila wiki nne hadi nane kadiri ya kituo, au uondolewe.

Wako,
Wahudumu wa tiba ya saratani